Maji Niliyomeza

Mimi hushika pini kinywani. Washonaji wote hufanya hivyo, lakini mimi nimezidi. Nina kibanda nyuma ya soko la Voi mwaka wa ishirini na mbili sasa, nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na wateja wangu wanajua kwamba nikiwa na pini midomoni simjibu mtu. Naguna tu. Aje mwalimu mkuu, aje askari wa kaunti kuuliza leseni, nitaguna mpaka nimalize pindo. Nalisema hili mapema kwa sababu waliokuwepo siku ile hospitalini wananihurumia, wanasema eti nilishtuka. Wacha waseme. Mimi ndiye niliyekuwa na kinywa changu.

Mambo yalianza Ijumaa. Kila Ijumaa kanisa letu hufunga, na kuanzia saa sita mchana tunakaa chini ya mabati tukiomba mpaka jua lipoe. Mimi niko katika kikundi cha maombi ya ukombozi. Nimeokoka tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sioni haya kusema kwamba nimeona watu wakifunguliwa. Nimemwona mama aliyekuwa haongei akiongea. Kwa hivyo mtu asifikiri nasimulia haya ili kucheka kanisa.

Pasta wetu si wa kupiga kelele. Ana sauti ya chini, na ndiyo maana unabii wake unaogopwa. Ijumaa hiyo alinyamaza katikati ya maombi, akainua mkono mmoja, akakaa hivyo mpaka hata watoto wakatulia.

"Naona mkono umeshika tumbo la mtu," alisema. "Mtu huyo si wa hapa, lakini nduguye yuko hapa. Na mkono ulioshika ni wa damu yake. Bwana anasema ataufungua."

Kina mama walianza kulia na kukemea. Kila mmoja alikuwa akiwapanga jamaa zake kichwani, kumtafuta mwenye mkono. Mimi nilihisi baridi kwenye nyayo, na nje jua lilikuwa la kuchoma. Sikukemea kitu. Nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, nikasema moyoni, haiwezi kuwa mimi.

Ili mtu aelewe, lazima nieleze jambo la kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Mghange, huko juu milimani. Kwetu Taita, hasira ya mtu wa karibu si kitu cha kuchezea. Wazee waliamini kwamba mzazi au ndugu akikukasirikia moyoni, hata asiposema neno, hasira hiyo inaweza kukuangusha na ugonjwa. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anachukua funda la maji, au la mbangara, ile pombe ya miwa, anakupulizia, kisha anasema kwa sauti kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka, na anakuombea heri. Basi, ni hivyo tu. Hakuna kuku wala damu. Kwenye harusi pia, baba humtasa binti yake kabla hajaondoka nyumbani, asije akaenda na kinyongo cha mzazi mgongoni.

Tuliookoka hatutasi. Tulifundishwa kwamba ni kula katika meza ya mapepo, na kwamba damu ya Yesu ilitosha. Mimi naamini ilitosha, hata leo. Siku ya harusi yangu baba alisimama mlangoni na kibuyu chake, akajaza kinywa. Mimi nikageuza uso, nikashuka ngazi, nikaingia garini na gauni langu jeupe. Baba alisimama pale na mashavu yamejaa. Halafu akapuliza chini, pale nilipokuwa nimesimama, akaingia ndani. Hatukuzungumza juu yake tena, miaka ikapita.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliyemuuguza, akisaidiana na mama, ni mdogo wangu. Tuko wawili tu, mimi na yeye. Yeye ana mke na kazi katika ranchi kule Kishushe, lakini aliomba ruhusa akakaa na baba Mghange wiki tano. Mimi nilikuwa Voi, msimu wa sare, na nilipopiga simu aliniambia baba anaendelea vizuri. Kumbe baba alikuwa akiniulizia. Alitaka nije anitase kabla hajafa. Alisema hivyo siku tatu, kila asubuhi, na ndugu yangu hakuniambia. Nililisikia jambo hilo siku ya mazishi, tena kutoka kwa jirani, nikiwa nimeshika sahani ya pilau.

Nilimwendea ndugu yangu palepale, nyuma ya tangi la maji. Nilimuuliza kwa nini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Ungekataa tu, dada. Sikutaka mzee aaibike mara ya pili."

Miaka minne sikuongea naye tena, ila salamu za kwenye matanga. Kanisani nilisema nimemsamehe. Nilinyoosha mkono madhabahuni, nikalia, nikapewa kitambaa nijifute. Lakini nikiwa kwenye cherehani, mguu unaenda, nilikuwa nikimjibu yale maneno kila siku. Nilimjibu kwa namna elfu. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba alikuwa amesema kweli. Ningekataa.

Basi Jumanne, siku nne baada ya ule unabii, wifi yangu alinipigia simu kutoka Kishushe. Ndugu yangu alikuwa akigaagaa sakafuni tangu jana, tumbo limevimba, gumu kama ngoma, hapitishi kitu. Barabara ya kule ni mawe matupu na magari ni ya kuhesabu. Meneja wa ranchi alitoa pikapu, wakamlaza nyuma juu ya godoro. Mimi nilifunga kibanda na vitambaa vikiwa bado mezani, nikaenda kuwangoja hospitalini. Nilisimama getini nikitazama kila gari linaloingia, na nakumbuka niliomba jambo moja tu: Bwana, usiwe ule mkono. Sikuomba apone, niliomba nisiwe mimi.

Walipofika, daktari, msichana mdogo mwenye macho ya uchovu, alimminya tumbo mara mbili tu. Utumbo umejisokota, alisema, na sehemu yake imekosa damu. Apasuliwe sasa hivi. Hakutuahidi kitu. Wifi aliitwa kutia sahihi, akaenda na kitambulisho mkononi, nami nikabaki na ndugu yangu nyuma ya pazia la kijani, tukingoja waje kumchukua.

Miaka minne haikuwa imemgusa, ila tumbo. Alikuwa na masikio ya baba, makubwa, yaliyosimama. Midomo ilikuwa imekauka kwa sababu alikatazwa kunywa. Juu ya kabati dogo kulikuwa na chupa ya maji ambayo mtu fulani aliiacha, na yeye alikuwa akiitazama. Nikadhani ana kiu, nikamwambia daktari amekataza.

"Si ya kunywa," alisema. "Nitase, dada. Sitaki kuingia kule na hasira yako."

Niliangalia pazia. Nilisema sisi tumeokoka, hatufanyi hayo. Akasema yeye hajaokoka. Nikasema damu ya Yesu inatosha. Akanitazama tu, jasho linamtoka, na akasema kwamba hata kama inatosha, yeye anaomba hii ya kwangu.

Hapo moyo wangu ulivunjika, nasema ukweli. Huyu nilimbeba mgongoni nikienda kuteka maji. Nilifungua chupa, nikapiga funda, nikajaza kinywa. Yeye akafumba macho na kuinua uso kidogo, akingoja matone. Kilichobaki kilikuwa kupuliza na kusema maneno mawili, matatu. Maji yalianza kupata joto kinywani. Nilimtazama akiwa amefumba macho vile, ana hakika nitafanya, na ile sauti yake ya nyuma ya tangi ikanirudia. Ungekataa tu, dada. Ai! Hata sasa alikuwa anajua nitafanya nini na nitakataa nini. Sikupuliza mara moja. Nilikaa na yale maji.

Pazia likafunguka. Alikuwa Pasta, na kina mama wawili wa kikundi chetu, wamekuja mbio baada ya kusikia.

"Bwana asifiwe," alisema Pasta.

Salamu hiyo, kwa mtu aliyeokoka, haingoji. Nikameza.

"Amina," nikasema.

Ndugu yangu alifumbua macho. Alikuwa amesikia maji yakishuka kooni mwangu. Kimya kile, hata jirani wa kitanda cha pili alisikia. Pasta alimpaka mafuta kwenye paji la uso, kina mama wakaweka mikono juu ya miguu yake, wakaomba maombi ya moto, nami nikaweka mkono wangu pamoja na yao. Wakaja wauguzi wawili, wakasukuma kitanda. Alipopita aligeuza kichwa akanitazama mpaka kona ya thieta, chumba cha upasuaji, ikamficha. Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu, na zaidi ya nusu ilikuwa imebaki. Ningeweza kukimbia hatua kumi. Sikukimbia.

Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tano. Wifi alijikunyata, shuka mabegani, ingawa palikuwa na joto. Pasta alinena kwamba huu ndio ule unabii, kwamba Bwana ameonyesha tumbo na Bwana atalifungua, na mimi niliitikia kila sentensi, huku nikihisi yale maji yamekaa ndani yangu, hapa chini ya kifua, hayaendi mbele wala nyuma. Najua maji hayafanyi hivyo, lakini ndivyo nilivyohisi. Kila mlango wa thieta ulipofunguka nilisimama. Nilimwambia Mungu, achukue cherehani, achukue macho yangu, asimchukue huyu kwa ajili yangu. Halafu nilijikemea, kwa sababu kufikiri kwamba hasira yangu inaweza kuua ni kufikiri kama watu wasiookoka. Halafu nikaanza tena. Sikujua naamini nini. Nilijua naogopa.

Daktari alitoka jioni, kofia imelowa. Ndugu yangu alikuwa hai. Moyo wake ulisimama mezani mara moja wakaurudisha. Walikuwa wamekata kipande cha utumbo, na kwa sasa angejisaidia kwenye mfuko uliobandikwa ubavuni. Baada ya miezi kadhaa angerudi kupasuliwa tena ili utumbo uungwe na tundu la ubavuni lifungwe. Kina mama walipiga vigelegele kwenye ukumbi ule. Mimi nilikwenda chooni, nikafungua bomba, nikanawa uso.

Sasa ukaja utafutaji wa mkono. Unabii ulikuwa umetimia nusu: tumbo limefunguliwa, lakini mkono ni wa nani? Wiki iliyofuata Pasta aliniita pembeni, kwa upole, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mzima anayeshikilia mila. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikasema, "Mama."

Mungu anisamehe. Mama yangu alibatizwa kabla mimi sijazaliwa, na Jumapili zote huwa kanisani kwake Mghange, kwenye benchi la pili, na kofia yake ya sufi. Lakini hajaokoka kwa jinsi sisi tunavyohesabu, na alikuwa amekiweka kibuyu cha baba juu ya kabati. Hicho kikatosha.

Tulipanda watu saba. Kulikuwa na ukungu, na njia ya kwetu ni utelezi. Tulimkuta mama anachambua maharagwe. Aliwekewa kiti katikati ya sebule yake mwenyewe, akazungukwa, ikakemewa roho ya ukoo, ikakemewa roho ya hasira, mkono ulioshika tumbo ukaamriwa uachie. Mama alifumba macho kwa adabu, kanga magotini, punje za maharagwe bado ziko kiganjani. Kisha kibuyu kikatolewa nje kikachomwa. Kilichukua muda kuwaka. Mama alisimama mlangoni, palepale baba aliposimama, akatazama mpaka kikaisha, akauliza kama wageni wamekunywa chai.

Wenzangu walipotangulia kushuka, alinishika mkono. Alikuwa ameambiwa kila kitu na mwanawe kwenye simu.

"Alikuomba maji," alisema. "Ulimpa?"

Nikasema Pasta aliingia. Nikasema nilishtuka. Mama akaachia mkono wangu.

"Sawa," alisema. "Sasa kibuyu hakipo. Lakini maji yapo kila mahali."

Ndugu yangu alipotoka hospitalini alikuja kukaa kwangu Voi, maana Kishushe ni mbali na kliniki. Miezi minne. Mimi ndiye niliyejifunza kubadilisha ule mfuko, maana wifi alirudi kuwaangalia watoto na mbuzi. Nilikata tundu la mfuko kwa mkasi wangu mdogo, sawasawa na kidonda, kwa sababu kukata mduara ni kazi yangu. Nilimwosha. Nilimpikia uji wa mtama. Yeye alikuwa mpole, anashukuru kwa kila kitu, na upole wake ulinikera kuliko kama angenitukana. Hakuitaja ile siku, nami sikuitaja. Tukitazamana ghafla, mmoja wetu anauliza kama kuna chai.

Mwezi wa pili akaokoka. Pasta alimwongoza sala ya toba sebuleni kwangu, na ndugu yangu alilia kwelikweli, kilio cha mtu aliyeona mlango ukifungwa ukafunguliwa tena. Nilifurahi, naapa nilifurahi. Lakini nilisema moyoni, angalia, hata huku amekuja. Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira haikuwa imekwenda popote. Nilikuwa namtengenezea uji juu ya hasira hiyohiyo.

Akapewa tarehe ya kurudi thieta, siku ya Jumatatu. Daktari alisema safari hii ni kazi ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini utumbo ni utumbo, na moyo wake tayari ulishasimama mara moja. Kadiri tarehe ilivyokaribia ndivyo nilivyokosa usingizi na kuharibu kazi. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye joho moja. Kila nikifikiria kile kitanda cha magurudumu kikikata kona, yale maji yalinijia tena chini ya kifua.

Nilimshonea shati la kuvaa Jumapili, kabla ya ile Jumatatu, kwa sababu alitaka kushuhudia. Shati la bluu, nikaliachia nafasi ubavuni ili mfuko usionekane. Mama alishuka kutoka Mghange kwa ajili ya operesheni, akaja nasi kanisani, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Watu walimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Hakuna aliyekaa kiti cha kando yake.

Ndugu yangu alishika kipaza sauti. "Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka na nampenda Yesu." Akasimulia tumbo, pikapu, mawe ya Kishushe, moyo uliosimama. Watu walikuwa wameshika vichwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Siku ile nilikuwa gizani," alisema. "Nilimwomba dada yangu anitase. Alikuwa tayari amejaza maji kinywani. Lakini Mungu akamfunga, akayameza. Dada yangu alisimama imara, na ndiyo sababu niko hai."

Kanisa lilisimama. Makofi, vigelegele, watu wananigeukia. Nilimtafuta usoni nione kama ananitania, na sikuweza kujua. Pasta alichukua kipaza sauti, macho yamelowa, akasema huyu ndiye dada wa kuongoza kikundi cha ukombozi, mtu asiyeyumba hata mbele ya damu yake, akaniita nipande madhabahuni niombewe, na nimwombee ndugu yangu kwa ajili ya kesho yake.

Nilipanda. Kutoka pale juu nilimwona mama, mdogo, peke yake pale nyuma, na viti vitupu pande zote mbili. Ndugu yangu alikuwa mbele yangu, na lile shati limekaa vizuri mabegani. Kesho asubuhi wangemlaza tena. Alikuwa amefumba macho na ameinua uso kidogo, kwa ajili ya maombi. Vilevile kama nyuma ya pazia.

Kwenye meza ya mhubiri kulikuwa na chupa ya maji ya Pasta. Niliichukua, nikafungua. Watu walidhani nina kiu, na mmoja akacheka kwa upendo. Nikajaza kinywa.

"Bwana asifiwe!" alisema Pasta.

"Amina!" likajibu kanisa.

Aliniangalia. Alikuwa akingoja ya kwangu, tabasamu bado lipo. "Dada, Bwana asifiwe tena!"

Maji yalikuwa kinywani, na koo lilitaka kumeza, lilikuwa limeshazoea. Nilishika meza. Nikasikia feni, nikasikia bodaboda barabarani. Tangu niokoke sijawahi kuiacha salamu ile bila jibu.

Nikapuliza. Nilimpulizia ndugu yangu usoni na kifuani, nguvu zangu zote, shati lile likabadilika rangi. Mtu alipiga ukemi. Nikasema kwa sauti, bila kipaza sauti, maana sikukihitaji.

"Nilikukasirikia kwa ajili ya baba. Imetoka yote. Nenda kesho, ulale, uamke, urudi nyumbani." Halafu nikamgeukia Pasta, nikamwambia kwamba unabii wake ulikuwa wa kweli. "Mkono ni wangu. Msiende tena kwa mama."

Pasta alikuwa na matone kwenye miwani na hakuyafuta. Nilingoja nikemewe, nilingoja kushikwa mikono nitolewe, na kifuniko cha chupa kikaniponyoka kikaviringika mpaka viti vya mbele. Ndugu yangu alikuwa bado amefumba macho, maji yanamtiririka kwenye masikio yale ya baba.

"Amina," alisema.

Nilisimamishwa kwenye kikundi, na siku hizi naketi nyuma, karibu na mlango. Pasta hunisalimia vizuri. Aliniambia bado anaomba apate nuru juu ya jambo lile, nami nikamwambia hata mimi naomba. Alipanda tena Mghange, safari hii peke yake, akakaa na mama karibu nusu siku, na walichozungumza hakuna aliyeniambia. Mimi bado naamini damu ilitosha. Siku hizi nadhani iliyobaki ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimeiacha kwa Yesu kwa uvivu.

Miezi miwili baadaye ndugu yangu alikuja kibandani kutoka Kishushe, na lile shati la bluu limekunjwa kwenye mfuko. Alitaka nilipunguze ubavuni, pale nilipokuwa nimeacha nafasi, kwa sababu sasa linapwaya. Nilimvalisha, nikapiga magoti, nikaanza kubana kitambaa kwa pini, nyingine nimezishika midomoni. Chini ya shati tumbo lilikuwa bapa, na kovu lake lilikuwa limepona vizuri.

"Dada," alisema kutoka juu, bila kuniangalia. "Ile siku hospitalini. Ulimeza kwa sababu Pasta aliingia?"

Ningeweza kuguna. Amenijua miaka yote, angekubali. Nilizitoa pini kinywani moja moja mpaka ya mwisho, nikaziweka kwenye kiganja changu.

"Hapana," nikamwambia.